Vita vya Kinyozi na Mlio wa Baiskeli

Sogeeni, enyi wenye masikio. Nanyi mnaopita kwa haraka, tueni mizigo, kwani huko mwendako hakuna habari inayoifikia hii. Nawasimulia vita alivyopigana Kinyozi wa Kona, mshika mkasi asiyetetemeka, mwinamisha vichwa vya wakubwa na wadogo, dhidi ya adui asiyeonekana: mlio uliojenga makao ndani ya baiskeli yake.

Kwii-nya! Kwii-nya! Kila alipokanyaga pedali, mtaa mzima ulijua yuaja. Watoto wa shule wakambatiza Baba Panya. Hapo msiba ukaingia nyumbani, maana binti yake wa darasa la nne, ambaye kila asubuhi aliketi juu ya keria kama malkia katika kiti cha enzi, Jumanne alisimama mlangoni akakataa.

"Baba, nitatembea."

"Mwanangu, kule ni mbali."

"Basi na iwe mbali. Wananiita Kapanya."

Siku tatu keria ilikwenda tupu. Siku tatu kinyozi alinyoa bila kupiga soga, nasi wateja wake, ambao nusu yetu hatuna hata nywele za kunyolewa, tukaingiwa na hofu kuu.

Alhamisi alasiri akauweka wembe chini, akafunga kibanda, akatangaza vita. Habari zilifika kabla ya spana. Uani kwetu pakajaa hata pa kutema mate hapakuwapo. Fundi baiskeli, amiri wa nati, mfalme wa viraka, akaja kwa mwendo wa maringo, akaipindua baiskeli matairi juu, kama anavyozipindua zote tangu aanze kazi, akazungusha pedali.

Kimya.

"Imepona!" akanena. "Mimi nikiigusa tu, inaona haya."

Kinyozi akaipanda, akazunguka uani. Kwii-nya!

Ikapinduliwa tena. Mnyororo ukanyweshwa mafuta, madigadi yakakazwa, pedali zikafunguliwa matumbo. Mara nne adui alipinduliwa akaomba amani. Mara nne aliposimamishwa akatucheka.

"Ewe fundi," akalia kinyozi, grisi imemfika viwikoni, "kama kuna nati niliyoikosea heshima, nionyeshe niipigie magoti!"

"Nyamaza, ndugu yangu. Nishamsikia anahema."

Ndipo dada yake kinyozi, shangazi mwenye ulimi usiojua likizo, akatua ndoo yake ya maji. "Hebu nyie wanaume, kuna mtu hapa anaiendesha hiyo baiskeli matairi juu?"

Fundi akaanza kuichunguza spana yake kana kwamba ndiyo kwanza aione.

"Ikiwa juu hailii kwa kuwa hakuna aliyeikalia. We kaka, panda. Lakini usikae, simama kwenye pedali."

Shujaa akapanda, akasimama wima kama bendera, akazunguka. Kimya. Akaketi. Kwii-nya! Akainuka. Kimya. Akaketi. Kwii-nya! Tukapiga yowe kama watu waliomwona mwizi juu ya paa, maana msaliti alikuwa ameketiwa muda wote: springi ya siti, yenye kutu, nati yake imelegea, ikijisugua kwenye chuma. Kinyozi akanyoosha mkono. Fundi akaisalimisha spana. Mzunguko mmoja na nusu, tone la grisi, na jeshi zima la adui likatoweka.

Asubuhi ya Ijumaa binti alisimama mlangoni, mkoba mgongoni, uso umekazwa.

"Zunguka kwanza nisikie."

Mnyoa wakubwa akazunguka, tena akazunguka, jasho likimtoka kuliko siku ya vita yenyewe. Binti akafumba macho. Akasikia mchanga tu ukisagika chini ya matairi. Akapanda, akamshika baba yake kiunoni.

Wakaenda kimya, kimya kupita kiasi, kwa kuwa baiskeli ile haikuwa na kengele wala haikuwahi kuihitaji. Pale kona fundi viatu alinusurika kwa kuruka, kiatu cha mtu mkononi.

"Jamani! Mbona mnatujia kama wachawi?"

Na binti, mbele ya wenzake wote waliojaa barabarani, akachungulia ubavuni mwa baba yake, akapaza sauti iliyofika hadi uani kwetu: "Pisheni! Baba yangu anapita!"

Andikeni, enyi wenye kalamu: Ijumaa ile, saa moja na robo asubuhi, umma ukapisha.