Alama Tisini na Nne za Masukulu

Ninayo furaha kuutaarifu umma kwamba swali la wapi maisha ni mazuri, ambalo limewasumbua binadamu tangu walipoanza kuhama, limepatiwa jibu. Jibu limepatikana Tukuyu, kata ya Bagamoyo (siyo ile ya Pwani), juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye ofisi ya Kitengo cha Ulinganisho wa Maisha ya Wahamaji, kwa kifupi KIUMAWA. Mimi, Ambwene, ndiye niliyekuwa Afisa Mlinganishaji Mwandamizi. Naandika haya ili kumbukumbu zikae sawa, maana wapo watu wanaocheka nikipita.

Kabla yetu, mtumishi wa umma alikuwa anahama kiholela. Anasikia Morogoro maji yanatoka, anafunga virago. Anaambiwa Njombe kodi ya nyumba ni nafuu, huyo kaondoka. Sisi tukaleta Mwongozo wa Kuzuia Kushuka kwa Maisha, wenye kifungu kimoja cha msingi: mtumishi haruhusiwi kuomba kuhamia mahali penye alama ndogo kuliko anapotoka. Ni kwa faida yake mwenyewe.

Alama zinapatikana kitaalamu. Wananchi hatuwaulizi gharama, kwa sababu mwananchi ukimuuliza gharama analalamika. Afisa anakwenda mwenyewe, anakaa siku tatu, anaandika alichotoa mfukoni. Akitoa kidogo, alama zinapanda.

Masukulu, kata ya vijijini humu humu wilayani, nilikwenda mimi na msaidizi wangu, Hellen, binti mwenye shahada na maswali mengi. Tulianzia kwa Mama Tusekile, mjane mwenye migomba mpaka mlangoni. Nikamweleza kwamba tumekuja kikazi na hatutakula.

"Kalibu, tata," akasema kwa lafudhi ya Kinyakyusa, akiniita baba. "Kasi haikimbii."

Akaweka mbele yetu ndizi zilizopikwa na maharage, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tulikula. Nyumba ya pili walikuwa wameshasikia kwamba tumekula kwa Tusekile, kwa hiyo wakachinja. Hadi siku ya tatu tulikuwa tumelishwa katika kaya kumi na moja, tumelazwa kwenye vitanda vya wenye nyumba, na gari la ofisi limebeba mikungu sita ya ndizi, ndoo mbili za maparachichi na jogoo aliyekataa kukaa nyuma.

Hellen akafungua dodoso. "Bosi, kwenye chakula niandike nini?"

"Umetoa shilingi ngapi?"

"Sijatoa. Ila walitupa kwa sababu sisi ni wageni."

"Dodoso lina sehemu ya ugeni?"

"Halina."

"Basi andika sifuri, tuwahi kabla mvua haijaharibu barabara."

Masukulu ikapata alama tisini na nne, ya kwanza katika jedwali lote. Bagamoyo, ambako nilikuwa napanga na kununua mkaa kwa hela yangu, ikapata hamsini na nane. Singida alikwenda mwenzetu mmoja, akalala gesti akaibiwa viatu, akairudisha na hamsini na moja. Dodoma ilipata arobaini na nne, kwa sababu afisa wetu alikaa hotelini na risiti zote akazitunza. Jedwali likapigwa muhuri.

Wiki ileile akaingia ofisini Mwalimu Samira, anayefundisha shule ya msingi huko Masukulu na kupanga chumba kwa Mama Tusekile. Alikuwa amembeba mkononi mtoto wa miaka miwili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete shida."

"Naomba uhamisho wa kwenda Singida. Mume wangu, Yussuph, anachomelea mageti kule. Huu mwaka wa tatu tunaishi mbalimbali. Mtoto anaiita simu baba. Juzi iliisha chaji, akalia kama tuna msiba."

Nilimhurumia, nakiri. Nikafungua jedwali nimwonyeshe jinsi serikali inavyomjali.

"Mwalimu, uko tisini na nne. Unaomba kwenda hamsini na moja. Unataka kuporomoka alama arobaini na tatu na mtoto mkononi. Mimi ni mzazi, siwezi kulisaini hilo."

"Lakini mume wangu yuko kule."

"Mume hayumo kwenye vigezo. Mwambie aje yeye, atapanda."

"Aje afanye nini? Masukulu uzio wetu ni migomba. Nani atanunua geti?"

"Umeona ubora huo? Hata gharama ya geti huna."

Akamfuta mtoto kamasi. "Hizi alama ni za kweli, mzee?"

"Zina muhuri."

"Na zinahusu watumishi wote?"

"Bila ubaguzi."

Akaomba nakala. Nilifurahi, maana ni nadra kumpata mwananchi anayependa takwimu. Nikamchapishia ukurasa mzima, nikaugonga muhuri mara mbili.

Siku chache baadaye nikapata barua yangu mwenyewe. Nimepandishwa cheo, niwe Naibu Mkurugenzi, Dodoma, nyumba ya serikali yenye feni kila chumba. Mke wangu, Jenifer, akashona mapazia ya madirisha ambayo hajawahi kuyaona. Kanisani tuliagwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kwaya ya vijana haikuwepo. Nilikuwa na raha isiyoelezeka, na sioni sababu ya kuificha.

Kumbe Mwalimu Samira naye alikuwa ameandika, kwenda Makao Makuu moja kwa moja. Barua yake ninayo. Inasema: "Kwa mujibu wa jedwali lenye muhuri, Mzee Ambwene anaishi kwenye alama hamsini na nane, na sasa anapelekwa kwenye arobaini na nne. Tangu nisikie sijapata usingizi. Mtu aliyetuzuia sisi tusishuke hastahili kushushwa. Naomba aokolewe."

Makao Makuu walikuwa na njia mbili: kusema jedwali lina makosa, au kunipenda. Jedwali lilikuwa limeshachapwa kwenye kalenda ya mwaka. Wakanipenda.

Dodoma ikafutwa. Nikaelekezwa kuripoti Masukulu kama Afisa Mkaazi, posho ya chakula ikiondolewa kwa kuwa chakula huko ni sifuri. Na kwa vile kata yenye alama za juu namna hiyo haipaswi kujazwa watumishi, Mwalimu Samira akaamriwa anipishe nafasi, aende kituo chochote kitakachompokea. Mwongozo unazuia kuomba kushuka. Kuamriwa kushuka hauzuii.

Nilimkuta anafunga begi. Chumba chake ndicho nilichopangiwa.

"Hilo beseni usilisogeze," akaniambia. "Bati linavuja hapohapo. Na dirisha lifunge na kamba, siyo kwa kuvuta. Asante, mzee, kwa ile nakala."

Alisema kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nasikia siku hizi, huko Singida, mtoto anamwita baba yake baba, na simu anaiita simu.

Jenifer alibaki Bagamoyo na mapazia yake. Alisema hamsini na nane zinamtosha.

Jioni ya kwanza nilikaa kibarazani kwa Mama Tusekile nikisubiri sahani. Sahani haikuja. Nikakohoa kidogo.

"Mama, leo hamjapika?"

"Tumepika, tumekula. Wewe umepika nini?"

"Nilipokuja kipindi kile..."

"Kipindi kile ulikuwa mgeni, tata. Sasa ni mwenzetu. Ndaga fijo, asante sana, kwa kuja. Kesho kuna msiba huko juu, wanaume wanabeba kuni. Jumamosi kuna harusi, mchango wako tumeshauandika, tumekukadilia cha mtu wa ofisi. Jumapili mtoto wa jirani anabatizwa."

Nilibeba kuni kwenye mvua mpaka mabega yakatoka malengelenge. Nilichanga harusi. Nilichanga ubatizo. Nilinunua mkaa, chumvi, sabuni, na kokoto za kufukia tope mlangoni. Niliwaandikia KIUMAWA kwamba gharama za Masukulu zinahitaji kutazamwa upya. Wakajibu kwa upesi wa kupongezwa kwamba, kwa mujibu wa utaratibu niliouandaa mwenyewe, malalamiko ya wakazi hayapokelewi, ila afisa atakuja kupima.

Alikuja Hellen. Amekalia kiti changu sasa, na dereva wangu ndiye aliyemleta. Mama Tusekile akawaelekeza kwangu kwa kidole.

"Wageni wako hao. Usituaibishe."

Kuku nilimnunua kwake, shilingi elfu ishirini na tano, hakupunguza. Nilichemsha, nikaunga kwa nyanya na vitunguu, nikapika na ndizi. Hellen na dereva walikula bila kuzungumza, jambo ambalo kwa mpishi ni sifa kubwa. Nilipoona mfupa wa paja umebaki mweupe nikasogea.

"Hellen, kuku huyu ni elfu ishirini na tano. Liandike hilo."

"Mimi nimetoa shilingi ngapi, mzee?"

Zamani alikuwa ananiita bosi. "Hujatoa," nikasema.

Akaandika. Akajumlisha, akarudia kujumlisha, uso ukamng'aa. "Hongera sana. Mmepanda. Tisini na saba."

Nikatoa fomu niliyokuwa nimeijaza tangu wiki ya kwanza. Naomba kurudi Bagamoyo. Kwenye sababu nilikuwa nimeandika ukweli, kwamba namkumbuka mke wangu mpaka naona aibu. Hellen alifuta vidole vizuri kabla ya kuishika, maana ni binti aliyelelewa. Akaisoma yote. Akatazama dodoso, akatazama fomu, kisha akanitazama mimi kwa huruma ile ile niliyomfundisha kazini.

"Mzee Ambwene," akasema, "kwa alama hizi, unataka kuhama uende wapi?"

Akanirudishia fomu, akasogeza sahani aongezewe mchuzi.