Ukombozi Ngazi ya Stendi

Umma ulitangaziwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya wageni waalikwa, kwamba kuanzia Ijumaa ile saa nne asubuhi, msichana wa Njombe amekombolewa. Shughuli ilichelewa kidogo, kwa kuwa wasichana wenyewe walikuwa bado jikoni wanamenya viazi vya wageni.

Aliyetangaza ni Bwana Marcelino, Mkurugenzi wa mojawapo ya mashirika yaliyoota kila kona baada ya mageuzi. Aliyeandika tangazo ni Oktavia, mratibu wake, binti wa Njombe ambaye mbele ya wafadhili aliitwa Kiongozi Kijana na wakishaondoka aliitwa "we' binti". Oktavia alivumilia. Mkurugenzi alikuwa ameahidi kumteua kwenda kwenye mkutano wa maendeleo Ulaya, na mama yake alishamfumia sweta la safari.

Fahari ya mradi ilikuwa Mwongozo wa Ukaguzi Ngazi ya Stendi. Biashara ya mabasi ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, na kila basi lililopita Makambako lilibeba mabinti wa kwenda kufanya kazi za ndani Dar. Oktavia akawapa semina wapiga debe na mama ntilie wa stendi hiyo. Mtu mzima akionekana na mtoto asiye wake, asimamishwe. Mtoto arudishwe kwao, mtu mzima akae kwenye benchi la ushauri nasaha mpaka ndugu yake amdhamini. Mkurugenzi aliongeza mwenyewe, kwa msisitizo: bila kujali cheo.

Baada ya pilau, Oktavia alipanda gari la mradi kwenda Dar kushughulikia pasipoti. Kiti cha nyuma alimkuta Rejoice, mtoto wa Igwachanya aliyetoka kughani shairi la ukombozi. Alikuwa amefaulu kwenda sekondari na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Sasa alikuwa amepakata kifurushi cha nguo.

"Tunakwenda naye," Mkurugenzi alieleza. "Mama watoto amechoka, anahitaji msaidizi. Baba yake nimeshaongea naye. Atasoma huko huko."

"Atasoma saa ngapi, Mkurugenzi?"

"We' binti, Ulaya unataka kwenda au hutaki?"

Oktavia alitaka. Akatazama nje njia nzima, hata Rejoice alipomnong'oneza, "Dada, Jumatatu mtanirudisha shule?" Aibu aliyoisikia hapo haikuwa imetengewa fungu katika mradi.

Walipofika Makambako, Mkurugenzi aliamuru wasimame anunue gunia la viazi. Dulla, mpiga debe aliyewashinda wenzake wote kwa usikivu kwenye semina, akachungulia dirishani.

"Shikamoo mzee. Huyu binti ni nani wako?"

"Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Hilo ni swali la pili, mzee. La kwanza bado hujalijibu."

"Oktavia! Mwambie huyu mimi ni nani!"

Bibi Ashura, mama ntilie, akaacha mwiko chunguni. Oktavia aliiona Ulaya yote ikimtazama, na sweta lake, na mama yake. Kisha akamtazama Rejoice.

"Ni mtu mzima," alisema. "Na mtoto si wake."

Utaratibu ulifuatwa. Mkurugenzi alisindikizwa benchini kwa heshima zote, akapewa chai ya rangi. Bibi Ashura alifungua ushauri nasaha kwa kumuuliza kama kwake watu wote wamevunjika mikono. Dulla akakimbilia posta kupiga simu nyumbani kwa Mkurugenzi kutafuta mdhamini.

Oktavia na Rejoice walikuwa wameshapata viti kwenye kibasi cha Njombe. Oktavia alikuwa analia waziwazi, maana Ulaya ndiyo ilikuwa imeishia pale. Rejoice alimshika mkono, akaung'ang'ania.

Kabla kibasi hakijaondoka, Dulla alirudi akihema. Akasimama wima mbele ya benchi.

"Mzee, mama watoto nimempata. Amekubali kukudhamini, ila ana masharti. Vyombo vya tangu juzi hajavigusa, na yeye anamsubiri msaidizi. Nimemwambia msaidizi ameshuka, umebaki wewe. Akasema basi, uje wewe."

Stendi nzima iliangua kicheko, na Oktavia akajikuta anacheka huku machozi bado yanamtiririka.

"Ila ameuliza," Dulla aliendelea, bila kutabasamu, "kufua unajua?"