Kamba ya Mforosadi

Jumatatu, 16 Machi
Sijamwambia mtu yeyote: ile kamba niliifunga mimi.

Baba anajenga nyumba mpya. Miti mizee yote ikatwe, ipandwe miche ya miplamu. Hata mforosadi, ambao tangu darasa la kwanza najificha juu yake kila mgeni akija. Nilimwomba auache. Akasema shule nimemaliza, sasa nijifunze kusalimia watu nikiwa chini.

Basi leo alfajiri nikasokota mabua ya mpunga, nikaning'iniza karatasi nyeupe, nikauvika mti kamba kama ile ya miti ya miungu hekaluni, ambayo haikatwi. Kazi safi. Shuleni sikuwahi kufanya kitu kizuri hivi.

Jumanne, 17 Machi
Bwana Senoo, mkata miti, alikuja na msumeno. Akaona kamba, akavua kofia. Akamwambia Baba kwamba yeye ana wajukuu, mti wa miungu haugusi; mwenye haraka achukue msumeno akate mwenyewe. Baba akasema juzi kamba haikuwepo. Bwana Senoo akajibu kwamba hapo ndipo anapoogopa zaidi.

Nilikuwa jikoni namenya figili. Kwa kujivuna nikajikata kidole.

Jumatano, 18 Machi
Jirani yetu Mama Hagio ameuletea mti chumvi na pombe ya mchele. Wenzake wakafuata, wakainama, wakapiga makofi. Mmoja anauomba umponye goti. Sasa siwezi kuupanda. Una wageni wengi kuliko sisi.

Baba amesalimu amri. Mti unabaki, nyumba inasogezwa. Ramani mpya imepunguza chumba kimoja. Changu. Nitalala na Bibi, na Bibi anakoroma.

Lakini mti umesimama. Nani mwingine kijijini angeweza?

Alhamisi, 19 Machi
Tulipanda miche, mimi na Bibi. Akiwa ameinama akaniambia, mjukuu wangu, kamba ya miungu husokotwa kwa kushoto. Ile imesokotwa kwa kulia, kama ya kufungia mpunga. Aliyeisokota ana vidole vizuri, kichwa ndicho kinachochelewa. Akaahidi kunyamaza, ila miguu yake itataka kukandwa kila jioni.

Nimelielewa kosa langu. Ni upande tu.

Keshokutwa wanakata mwerezi wa kisimani. Kamba yake nimefika nusu, kwa kushoto, na inapendeza kuliko ile ya kwanza. Wewe unayesoma, tafadhali, hujaona kitu.