Friji la Mkaa Lapanda Vudee

Usigeuze uso. Mwaka mzima friji lile lilikaa nyuma ya bohari pale Same, na wewe ulilipita ukikimbilia basi. Uliliona. Ukasema, "Shauri yao."

Hao wenye shauri ni watoto wa Vudee. Friji la zamani la zahanati yao lilitumia mafuta ya taa, na mafuta ya taa yalikuwa adimu kuliko mvua. Chanjo za surua zikaharibika. Wafadhili wakaleta hili jipya, la jua na mkaa. Tumainieli, mtunza bohari, akalipokea kwa hotuba, kisha akalisahau kwa makini sana.

Method hakugeuza uso. Alikuwa ameshuka Same kutoka Tabora na suti moja na ulimi wa akiba. Alilizunguka lile sanduku jeusi mara mbili, akaingia bohari na kilo mbili za sukari, akatoka na karatasi yenye muhuri: chuma chakavu.

Mnunuzi alikwishampata: Eliamini, mwenye kilabu kule Vudee, anayeota bia baridi tangu iliposemwa kila kitu ruksa.

Ikabaki shida ya mlima. Mvua imekata barabara. Sokoni Method akakutana na Evaline, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo mama. Wapagazi huko kwenu bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Unapandisha nini?"

"Friji."

Evaline akatua kikapu chake. Mara kumi na moja alikuwa ameteremka kulidai.

"Wapagazi wa nini? Omba msaragambo. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu. Bure."

"Bure bure?"

"Bure. Ila usimame mbele ya watu useme mzigo ni wa nani."

Kusema tu! Samaki ataogopa maji? Jumatano baragumu likalia, watu wa Vudee wakateremka, na Method akapanda juu ya jiwe: "Ndugu wananchi! Friji hili ni lenu, wakubwa kwa wadogo!" Watu arobaini wakalipandisha kwa nyimbo. Yeye alibeba koti lake.

Wakalitua mbele ya zahanati.

"Sogezeni kidogo jamani, pale kilabuni."

Hakuna aliyesogea. Eliamini mwenyewe, aliyeshika mti wa mbele, akajifuta jasho.

"Kijana, cha msaragambo hakina mwenyewe mmoja. Nikikinunua natozwa mbuzi, na kilabuni kwangu wateja watakuwa nzi tu."

"Mimi nilikuwa nasema tu!"

"Tulisikia," akasema Evaline. "Wote arobaini."

Method akaligusa friji, likamchoma. Akacheka kwa uchungu. "Haya, chukueni. Friji gani lina homa?"

"Mchana jua linauchoma mkaa wa ndani, unatapika spiriti. Usiku unapoa, unainywa tena, na spiriti ikipanda kurudi kwenye mkaa inaondoka na joto la sanduku. Lala uone," Evaline akamjibu.

Akalala. Alfajiri Evaline akamwekea kipande cha barafu mkononi. Mjanja akakinyonya, akateremka mlima bila sukari, bila friji.

Wiki ile watoto wakachanjwa.

Sasa wewe. Friji la pili, lililoletwa kwa zahanati ya kijiji cha Mamba, bado lipo nyuma ya bohari, na Tumainieli amemaliza sukari. Weka karatasi hii chini. Nenda kwa mpiga baragumu. Leo, si kesho.