Mishipi ya Marcellin

Marcellin alikuwa bado anafuta matope kwenye viatu vyake vya Goma alipoona kipoyi kikishuka kilima cha Masisi: wanaume wanne, machela ya miti mabegani, mgonjwa juu yake, na kila mbebaji amejishika kiuno. Mtu mwenye huruma angewapisha njia. Marcellin aliona soko.

Wiki iliyofuata alirudi na mishipi myeusi, mipana, yenye vifungo vya kung'aa.

"Papa Evode, hii iko mali ya Ubelgiji," alimwambia mkubwa wa wabebaji. "Muntu akiifunga, mugongo haiume tena. Wawili wanafanya kazi ya wane."

Evode hakuuliza habari za migongo. "Wawili, kweli?" Kichwani mwake alikwisha kufukuza wabebaji wawili na kula sehemu yao. Marcellin aliwapenda watu wa namna hiyo; hawahitaji kusukumwa.

Malipo yalikuwa fromaji, jibini za Masisi, gunia zima, ambazo Evode alizichangisha kwa wabebaji wenyewe "juu ya afya yao".

Sasa Marcellin alitakiwa kutoweka kabla mgonjwa mwingine hajapatikana. Lakini mvua ilinyesha, na wenye pikipiki wakakataa kushuka. Akajitwika gunia. Hakufika mbali: aliteleza, mgongo ukalia kama ukuni unaovunjika, akabaki chali kwenye tope. Kiunoni alikuwa amefunga mshipi wake wa kuonyesha wateja.

Wabebaji wakaja na kipoyi.

"Docteur, mushipi yako imelala?" aliuliza Lévi, mbebaji ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Tutamubeba wawili," Evode aliamuru, akikaza mshipi wake. "Lévi, kamata nyuma. Wengine murudi ku nyumba."

Marcellin alitazama mteremko uliong'aa kama sabuni, na mto uliokuwa chini kabisa.

"Wawili? Hapana, Papa! Wane!"

"Wane ya nini? Tuko na mishipi."

"Mishipi gani! Iko mipira ya ndani ya tairi ya pikipiki, nilikata mimi mwenyewe! Wane, nawaomba!"

Lévi alitazama mshipi wake, akatazama gunia, kisha akamtazama Evode, taratibu kabisa.

Marcellin alifikishwa hospitali na watu wanne. Gunia lilibaki kilimani, kwa wake za wabebaji. Mishipi nayo ilipata kazi inayoiweza: ilimfunga muuzaji mwenyewe kwenye kipoyi asiporomoke. Na mbele, upande wa bondeni, ambako uzito wote hulala, alibeba Papa Evode, amejishika kiuno.