Kibao cha KIMYA na Mama Mukwe

Jumatano, 12 Juni
Célestine bado yuko kwa mama yake. Kisa? Sufuria! Sufuria moja tu, niliyopikia sabuni ya mawese, ikatoboka chini. Kosa ni la sufuria, si langu. Anasema atarudi siku mama yake atakapomwambia rudi. Sasa nitaongea na mama mukwe namna gani? Kwetu mukwe hamutazami mama mukwe usoni. Ukimwona njiani, unaingia majanini. Nimemutuma jirani Gérard anisemee. Amerudi na mafuta ya samaki midomoni. Mama amekataa, anasema, lakini bukari na samaki aliyokula ilikuwa nzuri. Mujumbe gani huyu!

Alhamisi, 13 Juni
Habari kubwa! Wanawake wanaocheza gofu, wale ambao mupira njo kazi yao, wamefika. Wanaanza kesho kwenye kiwanja cha kando ya ziwa. Mama mukwe na Célestine watakuwa pale kila siku, sababu mumoja wao, Chancelle, ni mutoto wa Kirungu, kwao kabisa. Nikakimbilia biro ya mashindano kuomba kazi. Gérard alikuwa amenitangulia! Yeye atabeba mufuko wa fimbo za Chancelle, tena na kasketi nyeupe kichwani. Mimi nimepewa kibao chenye muti murefu, kimeandikwa KIMYA. Muchezaji akitaka kupiga, nakiinua, watu wananyamaza. Karibu nilie. Halafu nikakiangalia vizuri. Kipana! Kinafunika uso muzima. Nyuma yake naweza kusimama karibu na mama mukwe, nimwombe anirudishie bibi yangu Célestine, wala tusionane. Rubens, una akili wewe!

Ijumaa, 14 Juni
Mupango umeanza vibaya. Ukifunika uso huoni njia. Nimetumbukia kwenye shimo la muchanga mbele ya watu wote. Halafu mama mukwe akaja upande wangu, kibao kiko chini, na heshima ikanirudisha kinyumenyume mpaka maji ya ziwa yakafika magotini. Gérard alicheka mpaka kasketi ikaanguka.
Nimekula muhogo mukavu tena. Kikwembe cha Célestine cha kujifunga kiunoni bado kiko kwenye kamba ya nguo, sijakitoa. Nimemukosa sana. Simwambii muntu.

Jumamosi, 15 Juni
Yesu Maria!
Chancelle alikuwa kwenye shimo la mwisho la leo. Pigo moja fupi tu, awe mbele ya wote. Nikainua kibao. Kimya, hata mutoto halii. Mama mukwe alikuwa kwenye kamba ya kuzuia watazamaji, Célestine pembeni yake. Nikashusha kibao mpaka usoni, nikasogea. Nikamusalimia mama. Nikamwambia nyumba imepoa. Hakujibu. Labda hasikii, nikapandisha sauti. Nikasema mambo yangu yote nitaacha. Wapi! Basi nikapiga kelele kwamba nampenda binti yake kuliko sabuni yote ya Tanganyika!
Hapo hapo Chancelle akapiga. Mupira ukapita kando ya shimo, ukaenda zake.
Watu wote walikigeukia kibao changu. KIMYA! Aibu gani hii! Mama mukwe hakusema nami, haiwezekani. Alimwambia Célestine, kwa nguvu ili nisikie, aende nyumbani kwake leo leo, amufungie huyu muntu ndani mpaka Chancelle amalize kesho, la sivyo atawapotezea kila kitu.
Célestine amerudi! Hasemi nami, lakini amerudi.

Jumapili, 16 Juni
Nimefungiwa. Célestine amekaa mulangoni. Mchana tumesikia ngoma na vigelegele kutoka kiwanjani: Chancelle ameshinda! Nikamwambia Célestine pole, amekosa kuona kwa sababu yangu. Nikamwambia pia kazi ya kunilinda imekwisha, akitaka anaweza kwenda. Halafu akatoa kikwembe chake kwenye kamba, akakikunja, akakiweka kwenye sanduku letu: anabaki. Nikageukia ukuta, machozi yananitoka.
Jioni mama mukwe amemuletea sufuria mupya, kubwa. Célestine amesema nisiiguse. Sijaigusa! Nimeipima kwa macho tu. Chini ni nene kweli. Mara ile ya sabuni moto njo ulizidi, sasa nimeelewa. Na muti wa kibao, ambao nimesahau kurudisha, ni mukavu na mugumu, utawaka polepole. Kesho Célestine anaenda soko.