Inchi Nne za Kengele Tatu

Jumatatu, 6 Machi 1826

Habari kubwa. Bwana Septimus Larkworthy, mwenye magari ya farasi ya Bristol, anaanzisha gari jipya, jina lake Mshale. Litapita hapa Wexcombe kila siku. Anataka nyumba ya wageni ya kubadilishia farasi na kulishia abiria, na Ijumaa atakuja na gari lenyewe kuchagua. Nyumba ziko mbili tu: Kengele Tatu, ambayo ni yangu, na Simba Mwekundu ya mjane Cobbold, ng'ambo ya barabara. Nikilikosa gari hili, nafunga. Mke wangu Keziah kasema hivyo hivyo, ila kwa utulivu, huku akikata vitunguu.

Historia iko upande wangu. Kengele Tatu ilikuwa ikilaza wasafiri wakati Simba Mwekundu ni shamba la kabichi. Roshani za mbao pande tatu za ua. Mazizi ya farasi arobaini (wamo sita). Nyumba ya Bi Cobbold ina miaka ishirini na bado inanuka chokaa.

Tatizo ni tao. Gari huingia uani kwa kupita chini yake, na waliolijenga walikuwa na magari mafupi. Barua ya Larkworthy imetaja kimo cha Mshale. Nimepima mara tatu. Tumepungukiwa inchi nne. Lango la Bi Cobbold lingepitisha kanisa.

Jumanne, 7 Machi

Fundi Yeo kasema tao haliinuliki. Boriti yake imebeba chumba kikubwa cha juu, na chumba kimebeba paa. Sawa. Kama juu hakupandi, chini kutashuka. Wazo lilinijia nikinyoa ndevu, nikajikata. Tunachimba njia chini ya tao, inchi nne na nusu.

Yeo kavuta kiko kwa muda mrefu. Kasema nyumba hii imesimama miaka mia mbili na hamsini kwa sababu hakuna aliyeichokonoa. Nikamwambia nimemwita kwa ajili ya sururu, si hotuba.

Jioni Bi Cobbold kavuka barabara kutusalimu. Kauliza kama tunazika mtu. Keziah kamjibu: "Bado, mama."

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Shimo limejaa maji. Bata wawili wamehamia.

Pia kuna ufa mbele ya nyumba, kutoka dirishani hadi chini. Yeo kachungulia ndani, kaniita nione. Kumbe matofali mekundu ninayojivunia ni koti tu. Marehemu baba aliivisha nyumba ili ionekane ya kisasa. Nyuma yake ni mbao, fito na udongo, kama banda la kuku. Niliumia sana, nakiri. Nimetundika bendera juu ya ufa.

Ijumaa, 10 Machi

Mshale uliingia saa sita mchana. Abiria wa juu ya paa waliteremshwa barabarani. Wanne walibaki ndani, na masanduku ya mbele na nyuma yalijaa jibini. Farasi wakavuta. Paa likapita chini ya boriti kwa nusu inchi. Nusu inchi! Nikavua kofia. Bi Cobbold alikuwa langoni kwake na kikombe cha chai, akitazama.

Jibini likashushwa, mikokoteni ikalichukua. Bwana Larkworthy akala pai ya njiwa ya Keziah, akaomba ya pili. Mkono wangu ulikuwa tayari kwa kupeana mikono.

Kisha gari likataka kutoka. Paa likagonga boriti.

Yeo ndiye aliyeelewa kwanza. Gari lilikuwa limepakuliwa, springi zake zikanyanyuka inchi tatu. Abiria wanne wakarudi ndani, hawakutosha. Mlango mwingine hatuna. Bwana Larkworthy alikaa uani kwetu kwa muda wa saa nne, na gari lake jipya kama kuku tunduni. Bi Cobbold kavuka barabara na kikombe chake. "Bwana Pring," kaniambia, "gari limepapenda kwako. Halitaki kuondoka."

Keziah kafuta mikono, kasema tulipakie. Tukajaza masanduku mapipa ya bia. Akaingia Huckle mwuza nyama na nduguze wawili, wakapakatana na abiria. Bado nusu inchi. Wote wakamtazama Bi Cobbold, ambaye si mwembamba. Akampa Keziah kikombe, akapanda. Gari likashuka. Akatoka chini ya tao langu akipunga mkono dirishani.

Jumamosi, 11 Machi

Larkworthy kaamua. Farasi watabadilishwa kwa Bi Cobbold. Nikakaa kitako kwenye ngazi.

Lakini hakuwa amemaliza. Kasema katika miaka thelathini ya barabara hajawahi kula pai kama ile. Abiria watavuka kwa miguu na kula Kengele Tatu, kila siku, kwenda na kurudi. Sharti ni moja: nifukie shimo na nisiguse tofali lolote tena. Keziah kalia kidogo, akiwa katugeuzia mgongo. Nikaweka sahihi. Tumeokoka.

Jumatatu, 13 Machi

Shimo limefukiwa. Bata wamekasirika. Mshale unaanza kesho.

Nimepanga meza. Safu moja inaingia vizuri. Ya pili haiingii, kwa sababu katikati ya chumba cha kulia kuna nguzo ya mwaloni, nene, mbaya, inayopanda hadi kwenye boriti ya chumba cha juu na haina faida nyingine yoyote ninayoiona. Bila nguzo hiyo wangekula ishirini na wanne kwa mkupuo. Mkataba unataja matofali. Haukutaja mbao.

Yeo kakataa, kavaa kofia, kaondoka bila kuaga. Keziah yuko sokoni, anatafuta njiwa. Msumeno sina, kwa hiyo nikavuka barabara. Bi Cobbold kaniazima wake mkubwa. Nilimweleza ni wa nguzo gani, naye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi na kuutia mafuta yeye mwenyewe, jino kwa jino. Nilimdhania vibaya mama yule miaka yote hii.